Kupanda Hanang baada ya tope
Wageni wanaotafuta baridi ya milimani na utamaduni wa Wabarbaig hupita hapa kwetu Babati, wakielekea Katesh kupanda Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400. Tarehe 3 Desemba 2023, tope kutoka mlima huohuo liliua watu zaidi ya 80. Je, ni haki kutafuta raha pale jirani alipozika? Wapo wanaosema hapana. Lakini mlima usiopandwa humnyima kijana wa Katesh ujira wa kuongoza wageni, na njaa yake haimfufui marehemu yeyote. Kwangu, kosa ni kumwomba mfiwa asimame mbele ya kifusi apigwe picha. Panda, mlipe anayekuongoza, naye aamue mwenyewe kama atasimulia.