Tarehe Tuliyowaahidi Majirani

Wanangu wa Dallas, mtaa wetu huu wa Embu, nimewasikia mkisema kwamba serikali ikitaja tarehe, mtu mwerevu huongeza miaka miwili ndipo aanze kujiandaa. Siwakaripii. Mlifunzwa hivyo, na waliowafunza ni sisi wakubwa. Hata hivyo nisikilizeni, maana nimechoka na jambo hili lakini ninyi sijawakatia tamaa.

Mwaka 2006 mataifa yalikutana Geneva chini ya Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, yakaiweka 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa televisheni ya analojia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikajipangia tarehe ya mapema zaidi, 31 Desemba 2012. Palikuwa na sababu. Mawimbi hayasimami mpakani yakaonyesha pasipoti. Mitambo ya nchi moja huweza kuvuruga ya jirani, na masafa yanayoachwa wazi yanafaa kwa intaneti ya simu. Siku ilipofika, Tanzania ilianza kuzima mitambo ya Dar es Salaam. Sisi Wakenya hatukuzima.

Shirika la kutetea watumiaji, COFEK, lilikuwa limekwenda mahakamani kulalamika kwamba ving'amuzi vya dijitali ni ghali na wananchi wengi hawana. Lilisema kweli. Hapa mtaani, mama anayefulia watu nguo alipwe kwa siku angezitoa wapi shilingi elfu kadhaa za king'amuzi, na kodi ya nyumba inamngoja? Lakini tangu Geneva ilikuwa imepita miaka 6. Umaskini wa Dallas haukuzuka Desemba ile. Waliotia sahihi waliujua, wakaacha kuuhesabu.

Tarehe ikasogezwa hadi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Ikaja ya Desemba 2013, nayo ikapita. Kampuni kubwa za habari zilitaka zirushe matangazo yao zenyewe, si kupitia Signet ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, wala kampuni ya Kichina ya PANG, na kesi yao ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyoamua Septemba 2014. Februari 2015, mvutano huo ukiwa haujaisha, stesheni za NTV, KTN, Citizen na QTV zikatoweka hewani kwa wiki kama tatu. Analojia ilizimwa nchi nzima mwishoni mwa Machi 2015. Tarehe ya Geneva tuliiwahi kwa miezi michache. Ile ya majirani zetu tulikuwa tumeipita kwa zaidi ya miaka miwili.

Kuna jambo linaloniuma kuliko kesi hizo zote. Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali jijini Nairobi kwa mfumo wa DVB-T. Baadaye nchi ikahamia DVB-T2, na ving'amuzi vya mfumo wa kwanza haviwezi kuupokea huo wa pili. Basi aliyeitikia mwito mapema alilazimika kununua tena. Aliyepuuza alinunua mara moja tu. Mnaona somo lililotolewa hapo? Mtiifu alitozwa faini, mkaidi akapunguziwa bei. Ndiyo maana leo mnaongeza miaka miwili, na siwezi kuwaambia mmekosea hesabu.

Ila hesabu hiyo ina mwenye kuilipa, naye hakai Nairobi kwenye ofisi zenye zulia. Ni huyo mama wa kufua, anayeharakishwa siku ya mwisho kununua kwa bei ya siku ya mwisho.

Baadhi yenu mnasomea mawasiliano na sheria, na siku moja mtakalia meza hizo. Kabla ya kuwaahidi majirani tarehe, ulizeni kwanza kifaa kinauzwa bei gani katika maduka ya mji wa Embu, na ni nani atakayekosa. Chagueni mfumo mmoja kabla hamjamwambia mtu anunue. Mkishatia sahihi, kazi ianze kesho yake asubuhi.