Mali Isiyooza

Mwishoni mwa mwaka 1806 meli ya Kiingereza iitwayo Port au Prince ilitia nanga Lifuka, katika visiwa vya Ha'apai, Tonga. Kazi yake ilikuwa kupora meli za maadui wa Uingereza na kuwinda nyangumi, kwa hiyo tumboni mwake mlikuwa na sarafu si haba. Watu wa chifu Finau 'Ulukalala waliiteka, wakaua mabaharia wengi, kisha wakaichoma ili wapate chuma. Misumari ndiyo waliyoitaka. Karani wa nahodha, William Mariner, kijana wa miaka 15 hivi, alisalimika. Finau akamfanya kama mwanawe, na masimulizi ya miaka karibu minne aliyokaa huko yakachapishwa London mwaka 1817.

Ndani ya kitabu hicho mna mazungumzo juu ya fedha ambayo ningependa yasomwe na kila mwanafunzi wa uchumi. Zile sarafu Finau hakuzijali, maana alidhani ni vya kuchezea tu. Watonga walikuwa na mchezo wa lafo, wa kurusha juu ya mkeka mbegu bapa za mmea utambaao uitwao pa'anga, na sarafu zilifanana nazo. Mariner alipomweleza kazi ya fedha, chifu alikubali kwamba ni rahisi kubeba. Kilichomtia wasiwasi ni kwamba haiozi. Mwenye viazi vikuu vingi, alisema, atalazimika kuvibadilisha au kuwagawia jirani zake na walio chini yake kabla havijaharibika. Mwenye sarafu ataziweka, na akishazoea kuweka atakuwa mchoyo. Mwaka 1967, Tonga ilipoachana na pauni na kutoa fedha yake yenyewe, iliipa jina la pa'anga.

Hoja ya Finau ni nzuri, lakini nadhani imefika nusu ya njia. Tonga hiyo hiyo ina mali isiyooza ambayo haikai mahali pamoja. Wanawake husuka mikeka kwa majani ya mkadi, na hugonga magome ya mti uitwao hiapo hadi yawe ngatu, nguo ya magome, binamu wa ile wanayotengeneza Baganda. Ngatu moja yaweza kuwa ndefu kuliko ukumbi wa arusi. Mkeka mwembamba uliosukwa vizuri hukaa vizazi, na unavyochakaa ndivyo unavyopanda thamani, kwa sababu watu wanajua umepita arusi ya nani na maziko ya nani. Ungeweza kufungiwa kabatini miaka hamsini. Haufungiwi. Ukibaki ndani, hauna historia ya kusimulia.

Kinachoutoa ndani ni shangazi. Katika ukoo wa Kitonga dada ana heshima kumpita kaka yake, hata kaka akiwa mkubwa, na dada mkubwa wa baba yuko juu ya wote. Kwenye msiba yeye ndiye fahu: huketi kichwani pa marehemu, mikeka na ngatu huletwa mbele yake, na akitaka kitu hakuna wa kumnyima. Jambo hili lilifika hadi juu kabisa. Zamani mtawala mkuu, Tu'i Tonga, alikuwa chini ya dada yake kwa heshima, na binti wa dada huyo, aliyeitwa Tamaha, alikuwa juu zaidi. Mtawala mwenye kuogopwa na visiwa vyote alikuwa na mtu wa kumwinamia, na mtu huyo alikuwa mwanamke.

Sisi husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maneno mazuri, lakini yanamwachia mtoaji kila kitu: akiwa na moyo atatoa, akikosa moyo basi. Watonga wameweka upande wa pili mtu mwenye haki ya kuomba na kupewa, na wakampa kiti mbele ya watu wote. Nikiulizwa mali ya mtu ina maana gani, nitauliza kwanza ni nani anaweza kumwomba asikataliwe.

Kwa kipimo hicho ardhi ya Tonga ni kitu cha ajabu. Mfalme Taufa'ahau, aliyejulikana kama George Tupou I, aliwaondolea watu wa kawaida utumwa wa machifu mwaka 1862, na mwaka 1875 akatoa Katiba iliyopiga marufuku kuuza ardhi. Wakati huo visiwa jirani vilikuwa vikimegwa na walowezi, na marufuku hiyo ilisaidia nchi yake isimezwe. Uingereza iliifanya nchi lindwa kuanzia 1900 hadi 1970, lakini kiti cha ufalme hakikuondoka. Kwa sheria ardhi yote ni ya mfalme. Sehemu kubwa imegawiwa makabaila wenye vyeo 33 vya kurithi, na kutoka humo kila mwanamume aliyefika miaka 16 ana haki ya shamba la ekari 8 na robo pamoja na kiwanja cha nyumba.

Kila mwanamume, nasema. Yule shangazi mwenye kuchukua mkeka wowote autakao hawezi kudai shamba. Mjane hulishika shamba la mumewe mpaka afe au aolewe tena, kisha linaendelea na safari yake kwa wanaume. Katika mali zote za nchi, hii moja imewekwa nje ya mkono wa fahu. Nayo haitoshi. Nchi nzima ina kilomita za mraba 750 hivi, zilizotawanyika katika visiwa vipatavyo 170, vingi visivyo na mtu, na wakazi wake ni kama 100,000. Vijana wengi wana haki ya ekari zao kwenye karatasi tu, huku mashamba ya waliohama yakiota magugu, bado kwa majina yao.

Ardhi haihami, kwa hiyo wamehama watu. Mbata na ndizi zilikuwa na wakati wake. Maboga ya kuuza Japani yakaleta neema ya muda. Bidhaa iliyodumu ni mikono ya watu. Watonga wengi wako New Zealand, Australia na Marekani, wengine kwa mikataba ya msimu ya kuchuma matunda, na wanachotuma nyumbani ni zaidi ya theluthi ya pato la taifa. Fedha hizo hazipati muda wa kulala. Kuna ada za shule, kuna misiba, kuna misinale, siku ya sadaka kubwa ya mwaka katika kanisa la Kimethodisti, ambapo kiasi kilichotolewa na kila familia husomwa kwa sauti. Wapo wanaokopa ili wasiaibike siku hiyo. Hapo haki ya kuomba imekuwa mzigo, na sioni sababu ya kuipamba.

Madaraka nayo yalikaa muda mrefu kama shamba. Novemba 2006 ghasia za kudai mageuzi ziliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji mkuu, Nuku'alofa, na watu wanane wakafa. Mwaka 2008, siku chache kabla ya kutawazwa, George Tupou V alitangaza kuachia sehemu kubwa ya mamlaka yake, na uchaguzi wa 2010 ukawapa wananchi viti 17 kati ya 26 vya Bunge. Tisa vilibaki kwa makabaila, na mfalme bado anaweza kukataa sheria. Wengi humsifu mfalme huyo kwa ukarimu. Mimi naanza kuhesabu tangu ule moto.

Kisha, tarehe 15 Januari 2022, volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ililipuka chini ya bahari. Tsunami ilifagia kisiwa cha Mango hadi pasibaki nyumba ya kukaa, na watu wake wakahamishiwa 'Eua, kisiwa ambacho kilikwisha kupokea watu wa Niuafo'ou waliokimbia volkano yao mwaka 1946 na kuvipa vijiji vipya majina ya vile vya zamani. Mkongo wa mawasiliano baharini ukakatika. Kwa wiki tano intaneti haikurudi kama kawaida, na siku za kwanza hata simu hazikupita. Shangazi hakuweza kupiga. Hapakuwa na orodha, wala mtu wa kusoma majina kwa sauti.

Auckland, New Zealand, kwenye uwanja wa michezo wa Mount Smart, familia za Kitonga zilipanga foleni na mapipa ya plastiki. Wakayajaza maji, unga na nyama ya kopo, wakaandika juu yake jina la ukoo na kijiji, wakayaingiza kwenye makontena. Wengi walikuwa hawajajua kama wapokeaji wako hai. Hoja yangu ya fahu haielezi mapipa yale yote, isipokuwa tukubali kwamba mtu akiombwa miaka mingi huanza kuisikia sauti hata simu ikiwa imekatika. Au Finau angetukumbusha kwamba maji, unga na nyama havikai.