Kutupa ni Kupeleka Wapi?

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Nimekua na usemi huo. Nyumbani kwetu Geita, jembe lilibadilishwa mpini mara nyingi kabla ya baba kufikiria kununua jembe jingine, na kilichokuwa kikifanya kazi hakikuguswa. Kwa hiyo ndugu msomaji hatashangaa nikisema kwamba kwa miaka mingi nilikataa kubandua chombo kimoja kidogo ukutani mwa nyumba yangu ya hapa Worcester, katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani.

Chombo chenyewe kinaitwa themostati. Huku kwenye baridi kila nyumba inayo. Chini ya nyumba kuna boila inayochemsha maji na kuyapeleka katika rejeta za chuma vyumbani. Themostati ndiyo inayoiambia boila lini iwake na lini izime. Yangu ilikuwa ya mviringo, ya aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1953 na kuenea katika mamilioni ya nyumba. Ukifungua kifuniko chake unaona koili ya metali mbili zilizoshikamanishwa, na juu yake kichupa cha kioo chenye tone la zebaki. Chumba kikipoa, koili hujikunja, kichupa huinama, zebaki hutiririka hadi kwenye ncha mbili za waya na kuziunganisha. Umeme mdogo wa volti 24 hupita, na boila huwaka. Chumba kikipata joto, kichupa huinamia upande wa pili na mambo hutulia. Haina betri, haina saa, haina kelele. Naungama kwamba nilikipenda chombo kile.

Novemba 2018 boila ilikufa. Fundi aliyeleta mpya alinishauri tuweke na themostati ya kidijitali. Alinipa sababu mbili. Ya kwanza ni fedha: mtu akipunguza joto nyuzi 7 hadi 10 za Fahrenheit kwa saa nane kila siku, anaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za mwaka, na chombo cha kidijitali hufanya hivyo chenyewe watu wakiwa wamelala. Ya pili ni sumu. Nikakubali. Kazi ilimchukua dakika ishirini. Alipomaliza alinikabidhi ile ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki, akasema, "Hii usiitupe," akaenda zake.

Niliiweka kwenye droo ya jikoni, na humo ikakaa majira yote ya baridi. Kila nilipofungua droo kutafuta kijiko, zebaki ilicheza ndani ya kichupa chake, nami nilikumbuka jambo ambalo sijapata kumwambia mtu.

Mwaka 1999, katika nyumba yangu ya kwanza, nilibadilisha themostati kama ile kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitoa ya zamani, nikaitia kwenye pipa la taka pamoja na maganda ya ndizi, na Alhamisi lori likaja likaichukua. Wala siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilipokuwa sekondari Mwanza, kipimajoto kilivunjika maabara, na mwalimu wetu wa fizikia alitutoa nje sote, akabaki peke yake akikusanya vitone kwa karatasi kama mtu anayeokota makaa ya moto. Nilijua. Ila nilijiambia kwamba ni tone moja tu.

Na kweli ni tone. Themostati moja huwa na takriban gramu 3 za zebaki, nazo hazijazi hata kijiko cha chai. Lakini takataka nyingi za jimbo hili huchomwa motoni, na zebaki ikichomwa hugeuka mvuke, hupanda, hurudi na mvua, huingia katika maziwa, na humo vijidudu huigeuza kuwa sumu inayokusanyika katika minofu ya samaki. Ndiyo maana wanawake wajawazito na watoto wa huku wanaonywa wasile samaki wa kuvuliwa kwenye mito na maziwa. Hakuna kiwanda kimoja cha kulaumiwa kwa yote hayo. Tulio wengi tulisema, kila mmoja kwa wakati wake, "Ni tone moja tu."

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia. Ile themostati ilipokuwa ukutani haikumdhuru mtu. Kichupa kilikuwa kimefungwa, na kingeweza kukaa hivyo miaka mia. Hatari ilianza siku nilipoibandua. Basi mtu anayebadilisha cha kale kwa kipya ili aondoe sumu, asipojua aipeleke wapi, amefanya vibaya kuliko yule aliyekiacha mahali pake. Wema haukuwa katika kununua kipya. Wema, kama upo, umo katika kile unachokifanya na cha zamani baada ya fundi kuondoka na hakuna anayekutazama.

Mtu ataniambia: rahisi, peleka kituo cha kukusanyia, sheria ya jimbo ya mwaka 2006 inakutaka ufanye hivyo. Nami ningeridhika, kama si safari niliyofanya nyumbani mwaka 2008.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Alinipeleka kuona kazi yake. Nilimkuta kijana mwenzake amechuchumaa mbele ya karai, anachanganya mchanga wa mawe yaliyosagwa na zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki hushika dhahabu na kuuacha mchanga. Kisha walikamua kwa kitambaa, likabaki donge la rangi ya fedha, wakaliweka juu ya mkaa hapo hapo kando ya mama aliyekuwa akipika ugali. Mvuke ukaenda kwa upepo. Dhahabu ikabaki, ndogo kama punje ya mtama.

Nikamwambia, "Mwanangu, hii ni sumu. Itakuharibu."

Akanitazama kwa adabu, akasema, "Najua, mjomba. Watoto wale nini?" Halafu, bila ubishi, akauliza, "Kwani inatoka wapi? Sisi hatuna mgodi wa zebaki."

Sikumjibu. Jibu nililipata baadaye. Enzi zile zebaki iliyokamuliwa kutoka vyombo vya kale vya nchi tajiri ilikuwa bidhaa kama bidhaa nyingine, ikiuzwa katika soko la dunia, na sehemu yake iliishia kwa wachimbaji wadogo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuiuza nje kuanzia Machi 2011, na Marekani tarehe 1 Januari 2013. Hii maana yake ni kwamba, kabla ya hapo, hata raia mwema aliyeitikia wito na kupeleka themostati yake kituoni, huenda alikuwa akiitoa sumu ukutani kwake na kuifikisha, bila kujua, katika karai la mpwa wangu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Je, mtu huyo alikosa? Nimelifikiria sana. Naona hakukosa, kwa kuwa alifanya alilolijua. Lakini kutokosa si sawa na kumaliza deni. Tunasema "nimetupa" kana kwamba kuna mahali panapoitwa Kutupwa, pasipo na watu. Hapapo. Kila pipa lina mtu upande wa pili, nami kwa bahati nimewahi kumwona huyo mtu, na ananiita mjomba. Naye, mwenye kushika sumu kwa ajili ya ugali, ana udhuru kuliko mimi niliyeitupa kwa uvivu wa kutotembea maili tatu. Sikustahili kumhubiria.

Mwezi Aprili, Jumamosi moja, niliipeleka ile themostati. Mzee wa kituo aliipokea, akaiweka taratibu ndani ya ndoo iliyojaa nyingine za mviringo kama yangu. Sikusikia wepesi wowote moyoni. Ile ya mwaka 1999 haikuwamo humo, wala haitakuwamo. Nilichoweza kufanya ni kumtumia mpwa wangu fedha za kutengeneza ritoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wa zebaki ili utumike tena usiende kwenye mapafu ya watu. Anasema wanaitumia, isipokuwa siku wanapokuwa na haraka. Namwelewa.

Themostati mpya inafanya kazi vizuri. Kila msimu wa baridi unapokaribia huniomba betri mbili. Nami husimama pale jikoni nikiwa na zile kuukuu mkononi, nikiitazama droo, nikitazama na pipa.