Kabla Hujatoboa Jeti

Wanangu wa vijiwe vya Mbezi Luis, kazi yenu naijua. Tangu Kituo cha Mabasi cha Magufuli kifunguliwe mwaka 2021, abiria wa mikoani wanashuka hapa usiku na mchana, kila mmoja na mizigo yake, huyu anakwenda Makabe, yule Msumi, mwingine Goba. Vilima ni vikali, hesabu ya bosi inasubiri, na pikipiki inaanza kuchoka. Basi kijana anampelekea fundi na kumwambia, "Iongezee nguvu." Hapo ndipo ninapowaomba mnisikilize.

Mnayouziwa ni yaleyale. Mmoja anatobolewa jeti ya kabureta ili ipitishe mafuta mengi. Mwingine anakwenda Kariakoo kununua kabureta ya pikipiki ya CC 200 aifunge kwenye Boxer au TVS ya CC 125. Wa tatu anang'oa chujio la hewa na kukata ekzosi, na akisikia mlio anaamini amepata kasi.

Petroli haiungui peke yake. Lita moja tu inahitaji takriban lita 9000 za hewa ili iungue sawasawa. Hewa hiyo inavutwa na silinda, na silinda ina kipimo chake: injini ya CC 125 ikizunguka mara 6000 kwa dakika huvuta hewa mara 3000, yaani kama lita 375 mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa. Ukitoboa jeti umeongeza petroli, hujaongeza hewa. Ile iliyozidi inatoka moshi mweusi, inaosha oili kwenye kuta za silinda, nyingine inashuka chini na kuifanya oili iwe nyepesi. Ringi zinalika, na sheli unalipa zaidi.

Tena jeti kubwa inatawala pale tu mkono unapokuwa wazi karibu wote. Kuanzia robo mpaka robo tatu, kazi kubwa ni ya sindano. Chini ya hapo ni jeti ndogo. Sasa niambieni, nani anapanda Makabe na abiria wawili mkono ukiwa wazi siku nzima? Mnatoboa mahali ambapo shida yenu haipo.

Kabureta kubwa nayo ina hatari yake. Njia yake ni pana, kwa hiyo ukifungua mkono kidogo hewa inapita polepole na kushindwa kunyanyua petroli. Pikipiki inasita. Fikiria inasita wakati unavuka Barabara ya Morogoro, nyuma yako kuna mama na mtoto mgongoni, na basi la mkoani linakuja. Sipendi hata kulifikiria.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni chujio. Njia zetu za ndani ni vumbi, na vumbi hilo ni mchanga uliosagika. Ukiondoa chujio, mchanga huo unaingia moja kwa moja kati ya pistoni na silinda na kusaga chuma. Kabla ya hapo hewa imezidi mafuta, injini inachemka, valvu zinaungua, pengine pistoni inatoboka. Kijana mwenye pikipiki ya mkataba anabaki na deni la chombo ambacho hakitembei.

Injekta siikatai. Huko India, zinakotengenezwa Boxer na TVS, viwango vya moshi vilivyoanza Aprili 2020 vimezihamisha pikipiki nyingi kutoka kabureta kwenda kwenye injekta. Ni mfumo mzuri, unapima hewa na kutoa mafuta kwa kadiri yake. Ila unataka pampu, vihisio, kompyuta yake na betri nzima. Ukinunua pikipiki iliyotoka nayo kiwandani, na una fundi anayeijua, nunua. Kuifungia ile yako ya kabureta chini ya mwembe, hapana.

Mimi nawaambia mwanzo wa kuongeza nguvu ni kuirudisha ile iliyopotea. Safisha chujio, likichakaa badilisha. Fungua kabureta uioshe, jeti uzipulize kwa upepo, usizichokonoe kwa waya. Angalia mpira unaounganisha kabureta na injini, ukiwa na ufa unaingiza hewa ya wizi. Pima tapeti injini ikiwa baridi. Na acheni petroli ya chupa za barabarani. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa yanachanganywa kwenye dizeli na petroli. Mafuta ya namna hiyo yanagonga injini, na hakuna jeti ya kuyatibu.

Yote hayo yakishafanyika na bado inasita katikati ya mkono, mwambie fundi ashushe klipu ya sindano tundu moja tu. Endesha siku mbili tatu kwenye njia zako za kawaida, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa ya kahawia, iache hivyohivyo. Ikiwa nyeusi yenye masizi, rudisha klipu ilipokuwa. Ikiwa nyeupe, usibebe abiria mwingine mpaka ijulikane hewa inaingilia wapi.