Asili ya Neno ni Shahidi, Si Hakimu

Neno la Kilatini barca, yaani mashua, halikuzaliwa Roma. Wanaisimu wengi wanaona limetokana na baris la Kiyunani, na Wayunani nao walilitoa Misri, kwa mashua za mizigo za Mto Nile ambazo Herodotus alizieleza katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Kifaransa kikalipokea kama barque, na kupitia shule likafika Kamina, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Je, chimbuko hilo ndilo maana yake ya kweli? Wapo wanaoamini kwamba ajuaye asili ya neno ndiye alijuaye neno lenyewe. Naikataa imani hiyo. Asili hushuhudia yaliyopita. Maana huamuliwa na wanaolitumia neno leo. Kiswahili kilipata meli kutoka mail, neno la Kiingereza la posta, maana meli za moshi zilizofika pwani zilibeba barua. Siku hizi meli ya mafuta haina barua hata moja, na bado ni meli. Atakayemsahihisha baharia kwa hoja ya posta atakuwa amekosea yeye.

Mtu atauliza: ikiwa asili haiamui maana, ya nini kuitafuta? Kwa sababu inatufunulia historia isiyoandikwa. Waluba, wenyeji wa eneo la Kamina, huita mtumbwi bwato, na wingi wake mato. Kilingala nacho husema bwato, Kibemba ubwato, Kiganda eryato. Mwenye shaka atadai kwamba lugha hizi ziliazimana tu. Lakini neno la kuazima kwa kawaida huacha alama za ugeni, ilhali hili linafuata kanuni za sauti na ngeli za kila lugha, kuanzia Kongo hadi Zambia na Uganda. Ndiyo maana wanaisimu wanaliweka katika lugha mama ya Kibantu: wazee wetu walikuwa na mitumbwi kabla hawajatawanyika, maelfu ya miaka kabla reli haijafika Bukama, katika nchi hiyohiyo ya Waluba, mwaka 1918.

Kwa hiyo bwato lina nasaba ndefu na yenye heshima kama barca. Walimu wa Kamina wanaofundisha barque walifundishe na bwato kwa uzito uleule, na wanafunzi wawaulize wavuvi wa Bukama na wa Ziwa Upemba majina ya miti ya kuchongea, ya makasia na ya sehemu za mtumbwi, wayaandike sasa, wenye kuyajua wakiwa bado hai.