Kabati la Susu

Mti ulikuwa mukau, nao tuliuangusha wenyewe shambani kwa susu, yaani nyanya yangu, nje kidogo ya Wote, mwezi wa Novemba mvua zikiwa zimekolea. Mukau ni mti wetu, Kitui na Makueni. Mchwa hauwezi kwa urahisi, mbao zake zina wekundu wa kupendeza, na KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wamekaa miaka mingi pale kituo chao cha Kitui wakiuboresha. Kosa halikuwa kwenye mti.

Kosa lilikuwa haraka yangu. Ndugu zangu walikuwa waje kutoka Nairobi kwa Krismasi, nami nilitaka wavione vikombe vya maua vya susu, alivyovitunza tangu harusi yake, vimepangwa nyuma ya kioo. Fundi mmoja mzee wa pale kijijini alizigonga mbao kwa kidole akaniambia, "Kijana wangu, hizi bado zina maji. Zipange kivulini, weka vijiti katikati hewa ipite, halafu tuonane baada ya miezi kadhaa." Nilimshukuru, nikaazima randa yake, nikaunda milango ya kabati mwenyewe.

Kioo nilikikatisha Kitui ninakofanya kazi, kile chembamba cha kawaida cha milimita 3. Mkata vioo nilimpa kipimo kamili cha ndani ya fremu, bila kupunguza hata kidogo. Kilipoingia kwa kusukumwa nilifurahi, nikadhani huo ndio ufundi. Nikakizuia kwa vipapi vya mbao na misumari midogo. Kwenye pembe ya chini msumari mmoja ulikikwaruza: nilisikia mlio mwembamba, kama mchanga chini ya jino. Nikaendelea kugonga.

Krismasi ilipendeza. Kufikia Februari jua lilikuwa limezikausha mbao, na mbao mbichi ikikauka hujipinda. Pembe ya juu ya mlango ilitoka nje kiasi cha unene wa kidole. Fremu ilipinda, kioo hakipindi, na nafasi ya kupumua sikuwa nimekiachia. Ufa ulianzia pale pale penye msumari, ukapanda kimshazari. Susu aliponipigia simu nilimwambia abandike selotepu, nitakuja mwisho wa mwezi.

Mpwa wangu wa miaka 6 hakuwa na habari ya mwisho wa mwezi. Alitaka kikombe. Mlango ulikuwa umekwama, akauvuta kwa nguvu. Kioo cha namna ile hakimwagiki kama punje. Hukatika vigae virefu vyenye ncha, na kimoja kilimpasua mkono karibu na kiwiko. Alipelekwa hospitali kwa boda boda, susu akiwa nyuma yake, ameukaza mkono kwa leso. Alishonwa nyuzi 9.

Mbao nyingine za mti ule ule zilikaa kivulini hadi Oktoba. Safari hii fundi ndiye aliyeunda, mimi nikimshikia. Tuliagiza kioo kilichoimarishwa kwa moto, ambacho hakikatwi tena kikishachomwa, kwa hiyo alipima mara tatu, kisha akapunguza milimita 3 kwa upana na 3 kwa urefu. Alikilaza juu ya silikoni, na kila alipopiga msumari aliweka kipande cha katoni kati ya nyundo na kioo.

Mlango unafunguka kwa kidole kimoja. Mpwa wangu bado huomba mtu mzima amtolee kikombe.