Sahani ya Mwanachuo

Sisi watu wazima tuna ada ya kuwalaumu vijana wa vyuo vikuu kwa ulaji wao, tukidhani kwamba alaye chipsi usiku baada ya usiku hula hivyo kwa ujinga au kwa ulafi. Dhana hiyo, kwa mtu aliyepata kukaa nao pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haina mashiko, kwa maana kijana yule faida ya mchicha aijua fika tangu darasa la tatu.

Kinachomtawala ni tarehe ya fedha. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipoanza kuwataka wanachuo wachangie gharama, mwanafunzi aliingia bwaloni kwa saa maalumu akala akashiba, asihesabu senti. Leo yule aliyejaaliwa mkopo hukadiriwa shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, walakini hazimfikii siku kwa siku. Humjia kwa mkupuo wa siku 60 hivi, ndilo wanaloliita bumu, nalo hukuta madeni yamekwisha kupanga foleni, na aghalabu yuko mdogo wake nyumbani asiye na sare ya shule. Juma la kwanza utamwona na kuku na soda. Juma la saba anapiga pasi ndefu, asubuhi ipite kavu, ale mara moja alasiri mlo wa kumfikisha kesho.

Mtazame saa hiyo kwa mama ntilie. "Mama, shikamoo. Wali maharage, mchuzi usinibanie." "Marahaba mwanangu," naye humtilia na kijiko cha mchicha asichokiomba wala kutozwa.

Usiku mambo hugeuka. Kipindi cha mwisho kikitoka, mama ntilie keshaosha masufuria, na muuza chipsi ndiyo kwanza amenoga: viazi vilivyokaangwa tangu magharibi, mayai mawili juu yake, kachumbari kiduchu, na vijiti viwili, kwani zege, ndivyo wanavyoiita chipsi mayai, moja huliwa na wawili pasipo haya. Ukata una sitara yake katika kula pamoja. Bali siku ya bumu, ajitengaye na maharage yake huitwa bahili, na wachache mno wenye ubavu wa kuitwa hivyo.

Kupika bwenini ni marufuku, na sababu ya moto ni ya haki. Lakini marufuku isiyo na badali imezaa majiko ya umeme chini ya vitanda. Lau ningekuwa na kauli katika mabaraza ya vyuo, nisingeomba semina nyingine ya lishe, bali jiko moja la pamoja kwa kila ghorofa, na fedha ile itolewe kwa juma, si kwa miezi miwili. Ijapokuwa hili la pili, nina yakini, wanachuo wenyewe ndio wangekuwa wa kwanza kuligomea.